Utafiti wa Uvuvi Uanzie Bwawani: Namna Maarifa ya Kitaalamu Yanavyopaswa Kumfikia Mfugaji Mdogo wa Samaki

Na Mwandishi Wetu

Bwawa la samaki lenye upana wa mita 10 na urefu wa mita 15 ni jambo la kawaida katika vijiji vingi vya Tanzania. Familia hulichimba kwa majembe na makoleo, hulijaza maji ya mfereji au chemchemi, hununua vifaranga, kisha husubiri kwa miezi sita au zaidi. Siku ya kuvua ndipo ukweli hudhihirika.

Hesabu yake ni nyepesi. Bwawa la mita za mraba 150 lililopandikizwa vifaranga 3 kwa kila mita ya mraba hupokea vifaranga 450. Iwapo samaki 360 watafika siku ya mavuno, na kila mmoja akawa na uzito wa gramu 250, mfugaji atavua kilo 90. Samaki hao hao wakidumaa katika gramu 100, mavuno yatakuwa kilo 36. Bwawa ni lile lile, jasho ni lile lile na fedha za vifaranga ni zile zile. Kilichopotea ni kilo 54 za samaki, ambazo ndizo zingelipa sare za shule, zingeongeza kitoweo nyumbani na kununua vifaranga wa msimu unaofuata. Mfugaji aliyevuna kilo 36 mara mbili mfululizo kwa kawaida hachimbi bwawa la pili. Huliacha la kwanza likaota magugu.

Makala haya yanaeleza namna utafiti wa uvuvi na ukuzaji viumbe maji unavyopangwa, mambo ambayo utafiti huo unalenga kuyatatua, na kwa nini mafanikio yake hayana budi kupimwa kwa uzito wa samaki katika bwawa la mwananchi wa kawaida.

Somo la mabwawa 8,000

Ufugaji wa samaki si jambo geni nchini. Majaribio ya kufuga perege yalianza mwaka 1949 huko Korogwe, mkoani Tanga, na Malya, mkoani Mwanza. Hamasa ilienea, na ilipofika mwaka 1968 idadi ya mabwawa ilikadiriwa kuwa 8,000. Kwa kutazama takwimu hiyo peke yake, mtu angeweza kusema kuwa kazi imekamilika.

Hata hivyo, mazao yalikuwa haba. Baadhi ya mabwawa yalikuwa na eneo la mita za mraba 20 tu. Mengi yalipandikizwa aina za samaki zisizofaa, samaki hawakulishwa ipasavyo, na walivuliwa kabla ya kukua. Ukame ulikausha baadhi ya mabwawa, na miundombinu duni ilizuia wataalamu kuwafikia wafugaji. Mashimo yalikuwepo, lakini maarifa hayakuwafikia walioyachimba.

Jirani zetu wa Kenya walipata somo linalofanana na hilo miaka 40 baadaye. Mwaka 2009, katika mpango wa kuchochea uchumi, Serikali ya nchi hiyo iligharimia uchimbaji wa mabwawa 200 katika kila jimbo la uchaguzi kati ya majimbo 140, kila bwawa likiwa na mita za mraba 300. Uzalishaji wa samaki wa kufugwa, ambao kabla ya hapo ulikuwa takriban tani 4,000 kwa mwaka, ulipanda hadi takriban tani 24,000 mwaka 2014. Baada ya hapo ulishuka, na kufikia mwaka 2017 ulikuwa chini ya tani 15,000. Ruzuku ilipokwisha, wafugaji wengi walijikuta hawana chakula cha bei nafuu, hawana vifaranga wa kuaminika na hawana mtaalamu wa karibu wa kumuuliza.

Mifano hii miwili haipingi uchimbaji wa mabwawa wala uwezeshaji wa wafugaji. Inaonesha kwamba bwawa ni hatua ya kwanza tu. Mbegu, chakula, maji na ujuzi ndivyo vinavyoamua iwapo bwawa hilo litakuwa mali au litakuwa shimo.

Nani anafanya nini

Chombo chenye jukumu kuu la utafiti wa uvuvi nchini ni Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania (TAFIRI), iliyoanzishwa mwaka 1980 kwa Sheria ya Bunge. Makao yake makuu yapo Dar es Salaam, na ina vituo Mwanza, Kigoma, Kyela na Sota, hivyo kugusa Bahari ya Hindi pamoja na maziwa makuu ya Victoria, Tanganyika na Nyasa. Vyuo vikuu, vikiwemo Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, navyo hufanya utafiti wa viumbe maji na kuandaa wataalamu.

Kwa upande wa mafunzo, Wakala wa Elimu na Mafunzo ya Uvuvi (FETA) una kampasi kadhaa, zikiwemo za Mbegani, Bagamoyo, na Nyegezi, Mwanza. Vipo pia vituo vya Serikali vya kuendeleza ukuzaji viumbe maji, kama Kingolwira mkoani Morogoro na Ruhila mjini Songea, ambavyo huzalisha vifaranga na kutoa mafunzo kwa vitendo. Katika wilaya na kata, mwananchi hukutana na afisa uvuvi, ambaye ni mtumishi wa halmashauri.

Mpangilio huu una faida, kwa kuwa kila chombo kina kazi yake mahususi. Una changamoto pia. Mtafiti yupo chini ya taasisi ya kitaifa, ilhali afisa ugani yupo chini ya halmashauri yenye bajeti na vipaumbele vyake. Wawili hao wasipokutana wakati wa kupanga, ripoti ya utafiti huweza kukamilika, ikawasilishwa na kuhifadhiwa, huku afisa aliye kijijini akiendelea kufundisha yale aliyojifunza chuoni miaka mingi iliyopita. Kwa sababu hiyo, mpango mzuri wa utafiti humtaja afisa ugani tangu ukurasa wa kwanza, na humtengea nafasi na fedha za kushiriki.

Kutoka malalamiko hadi swali la utafiti

Wafugaji wengi huanza kwa lalamiko moja: "Samaki wangu hawakui." Lalamiko hilo ni la kweli, lakini bado si swali la utafiti, kwa kuwa samaki wanaweza kudumaa kwa sababu tano au sita tofauti. Huenda mbegu ni dhaifu. Huenda chakula hakitoshi au hakina protini ya kutosha. Huenda maji ni baridi. Huenda vifaranga waliopandikizwa ni wengi kupita uwezo wa bwawa. Huenda samaki wamezaliana mno hadi bwawa likajaa watoto wanaogombea chakula na wazazi wao.

Hatua ya kwanza ya kupanga utafiti, kwa hiyo, ni kutembelea mabwawa na kutenganisha sababu hizo. Hatua ya pili ni kuchagua, kwa kuwa fedha, mabwawa ya majaribio na wataalamu havitoshi kujibu kila swali kwa wakati mmoja. Vigezo vya kuchagua vinaweza kuwekwa katika maswali manne. Je, tatizo hili linawagusa wafugaji wangapi? Je, linawapotezea kiasi gani katika kila msimu? Je, suluhisho linalotarajiwa linaweza kumudiwa na mtu mwenye bwawa moja? Je, suluhisho hilo linaweza kuleta madhara kwa mazingira au kwa samaki wa asili?

Hatua ya tatu ni majaribio kituoni. Hapa mtafiti hulinganisha, kwa mfano, vyakula viwili katika mabwawa yanayofanana kwa ukubwa, maji na idadi ya samaki. Hatumii bwawa moja kwa kila chakula. Hutumia mabwawa matatu au zaidi, ili tofauti inayoonekana isiwe imetokana na bahati ya bwawa moja lenye maji mazuri.

Hatua ya nne, ambayo mara nyingi ndiyo hukatwa fedha zinapopungua, ni majaribio katika mabwawa ya wafugaji wenyewe. Kituoni kuna mlinzi, mizani, maji ya uhakika na mfanyakazi wa kulisha samaki kila siku kwa saa ile ile. Kijijini mlishaji ni mama aliyetoka shambani au mtoto aliyerejea shuleni. Wapo ndege, kenge na wezi. Na maji ya mfereji hupatikana kwa zamu. Teknolojia iliyofaulu kituoni ikashindwa katika mazingira hayo haijakamilika, na jibu sahihi ni kurudi kuirekebisha badala ya kumlaumu mfugaji.

Malawi, ambayo tunapakana nayo katika Ziwa Nyasa, ina uzoefu wa kuigwa katika jambo hili. Katika Kituo cha Taifa cha Ufugaji Samaki cha Domasi, karibu na Zomba, kuanzia miaka ya 1980 watafiti waliwaalika wakulima wadogo kuona majaribio, kuchagua walichoona kinawafaa na kwenda kukibadilisha katika mashamba yao. Ilibainika kuwa bwawa kwa mkulima mdogo ni sehemu ya shamba zima: majani na pumba hulisha samaki, na maji na tope la bwawa hustawisha mboga wakati wa kiangazi. Mtafiti anayepima samaki pekee huiona nusu tu ya faida anayoiona mkulima.

Mbegu bora huanza kwa uchaguzi

Samaki anayefugwa zaidi katika mabwawa nchini ni perege, na aina mashuhuri zaidi ni ile inayojulikana Kanda ya Ziwa kwa jina la sato. Kambare hufuatia katika maeneo mengi. Perege ana sifa nzuri: hustahimili mazingira magumu, hula vyakula vya aina nyingi na hupendwa na walaji. Kasoro yake kwa mfugaji ni kwamba huanza kuzaa akiwa na umri wa miezi michache tu. Jike hulea mayai na watoto mdomoni, na kwa muda huo hali vizuri, hivyo hukua polepole kuliko dume. Baada ya muda, bwawa hujaa samaki wengi wadogo.

Ndiyo maana vituo vya kuzalisha vifaranga hutafuta njia za kupata madume pekee. Njia inayotumika sana ni kuwalisha vifaranga wachanga chakula chenye homoni kwa takriban wiki tatu hadi nne. Kazi hiyo inahitaji usimamizi wa kitaalamu na haipaswi kufanywa kiholela majumbani. Njia nyingine ni kuwapandisha samaki wa aina mbili tofauti. Mwaka 1960 mtaalamu Mwingereza C. F. Hickling alichapisha matokeo ya kazi iliyofanyika Malacca, katika Malaysia ya leo: perege dume wa aina iliyotoka Zanzibar alipopandishwa na jike wa aina ya Msumbiji, watoto walikuwa madume watupu. Samaki huyo wa Zanzibar ni wa jamii inayopatikana kiasili katika mito ya Tanzania Bara, ukiwemo Wami.

Kuhusu kasi ya ukuaji, mfano unaofahamika zaidi duniani ulianza Ufilipino mwaka 1988. Watafiti walikusanya perege wa porini kutoka Misri, Ghana, Kenya na Senegal, wakawachanganya na wale waliokuwa wakifugwa Asia, kisha katika kila kizazi wakawachagua waliokua haraka kuwa wazazi wa kizazi kilichofuata. Uzao huo, unaoitwa GIFT, leo unafugwa katika nchi nyingi. Nchini Ghana, Taasisi ya Utafiti wa Maji ilitumia kanuni hiyo hiyo kwa perege wa mto Volta na kupata uzao wa Akosombo, unaoripotiwa kukua kwa kasi zaidi kwa takriban asilimia 30 kuliko samaki wa kawaida wa huko.

Kanuni yenyewe haina siri. Ni ile ile ya mkulima anayechagua mhindi mkubwa na mzima kuwa mbegu ya mwakani. Jambo la kusikitisha ni kwamba wafugaji wengi wa samaki hufanya kinyume chake bila kukusudia: huuza wakubwa wote na kuwaacha wadogo bwawani wawe wazazi. Miongoni mwa hao wadogo wamo wenye asili ya kutokua haraka, na baada ya vizazi kadhaa vya kuzaana ndugu kwa ndugu, mbegu hudhoofika. Elimu hii peke yake, ikifikishwa kwa kila mfugaji, ni uboreshaji usiohitaji fedha nyingi.

Chakula: bei ya kilo si gharama ya samaki

Chakula huchukua sehemu kubwa zaidi ya gharama za ufugaji wa samaki, mara nyingi zaidi ya nusu. Kwa hiyo, ni jambo la kawaida mfugaji kutafuta chakula cha bei ndogo. Utafiti humsaidia kuona kuwa bei ya kilo ya chakula na gharama ya kilo ya samaki ni vitu viwili tofauti.

Tuchukue mfano wa kufikirika. Chakula cha kiwandani kinauzwa shilingi 3,000 kwa kilo, na kilo 1.5 huzalisha kilo moja ya samaki. Gharama ni shilingi 4,500. Mchanganyiko mzuri wa nyumbani unagharimu shilingi 1,500 kwa kilo, na zinahitajika kilo 2.4, gharama ni shilingi 3,600. Pumba tupu inauzwa shilingi 600, lakini zinahitajika kilo 7. Gharama ni shilingi 4,200, na juu ya hayo samaki huchelewa kukua kwa miezi kadhaa. Pumba iliyoonekana kuwa rahisi kuliko vyote haikuwa hivyo. Uwiano halisi kwa kila mchanganyiko, katika kila kanda, ndio ambao mtafiti anapaswa kuupima na kuutangaza.

Malighafi zinatofautiana kwa mahali. Mikoa ya kati ina mashudu ya alizeti, Kanda ya Ziwa ina mashudu ya pamba, na maeneo ya mpunga yana pumba kwa wingi. Dagaa ni chanzo kizuri cha protini, lakini ni chakula cha binadamu pia, na mahitaji yakiongezeka bei yake humuumiza mlaji wa kipato cha chini. Kwa sababu hiyo, watafiti katika nchi mbalimbali wanachunguza protini mbadala, zikiwemo soya na funza wa nzi chuma wanaofugwa kwa mabaki ya chakula. Swali la kupima si tu kama samaki watakua, bali pia kama mfugaji wa kijijini anaweza kuipata malighafi hiyo mwaka mzima.

Maji, baridi na tofauti za kanda

Perege hukua vizuri katika maji yenye joto la nyuzi 25 hadi 30 za Selsiasi. Joto likishuka chini ya nyuzi 20, hula kidogo na ukuaji hupungua sana. Hivyo, mfugaji wa Morogoro na mfugaji wa nyanda za juu za Njombe hawawezi kupewa kalenda moja ya mavuno. Anayeahidiwa kuvuna baada ya miezi sita mahali penye baridi amepewa ahadi isiyotekelezeka. Ndiyo maana mpango wa utafiti hauna budi kugawa nchi katika kanda za hali ya hewa, na kutoa ushauri wa kila kanda badala ya kijitabu kimoja cha nchi nzima.

Katika vizimba vya ziwani, ambavyo Serikali imeendelea kuvihamasisha kwa mikopo katika Ziwa Victoria, maswali ni mengine: kina cha maji, mwendo wa mikondo, umbali kati ya vizimba na mabaki ya chakula yanayotuama chini. Magonjwa nayo husafiri. Mwaka 2018 ugonjwa wa virusi ulisababisha vifo vingi vya samaki katika vizimba vya Ziwa Volta nchini Ghana. Ukaguzi wa afya ya vifaranga wanaohamishwa kutoka eneo moja kwenda jingine ni kinga ya mfugaji mwenyewe na ya jirani zake wote.

Samaki wa asili ni hazina ya taifa

Hapa lipo jambo ambalo mipango ya haraka hulisahau. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye aina nyingi za perege wa asili, na baadhi yao hawapatikani kiasili popote duniani isipokuwa katika bonde moja la mto au ziwa moja. Perege wa aina tofauti huweza kuzaliana. Samaki wa kufugwa wakitoroka wakati wa mafuriko na kuingia mtoni, huweza kuchanganyika na wa asili hadi uzao halisi ukapotea.

Ziwa Victoria linatufundisha. Ngege, perege wa asili wa ziwa hilo, alikuwa kitoweo kikuu cha watu wa mwambao wake. Baada ya sato na sangara kupandikizwa katikati ya karne iliyopita, pamoja na uvuvi uliopita kiasi, ngege alikaribia kutoweka katika ziwa kuu, na leo hupatikana zaidi katika maziwa madogo ya pembezoni. Malawi, kwa kuzingatia hatari ya namna hiyo, imezuia ufugaji wa perege wa kigeni na kuendelea na aina zake za asili, ingawa hukua polepole. Hata kituo cha kimataifa kilichozalisha GIFT kilisita kwa miaka mingi kuirejesha mbegu hiyo Afrika, kwa kuhofia kuwaathiri perege wa porini ambao ndio chimbuko lake.

Mfugaji anahitaji samaki anayekua haraka, na taifa linahitaji kulinda mbegu za asili ambazo kesho huenda zikawa msingi wa uzao bora zaidi. Utafiti uliopangwa vyema hushughulikia yote mawili: huboresha aina za asili za kila bonde pale inapowezekana, na huainisha maeneo ambako mbegu kutoka nje ya bonde inaweza kufugwa bila hatari. Mwananchi anayebeba vifaranga kwa basi kutoka mkoa mmoja hadi mwingine bila kibali anaweza, pasipo kujua, kuharibu kile ambacho hakiwezi kurudishwa.

Njia ya maarifa kufika kijijini

Uboreshaji hauenei kwa tangazo pekee. Huenea mfugaji anapoona bwawa la jirani yake likitoa samaki wakubwa kuliko la kwake. Ndiyo maana mashamba darasa yanafaa: wafugaji 20 au 25 hukutana kila mwezi katika bwawa la mmoja wao, huvua samaki wachache, huwapima, huandika na kujadili. Mafunzo hayo yakifanyika karibu na makazi na kwa saa zinazofaa, huwafikia pia wanawake, ambao mara nyingi ndio wanaolisha samaki kila siku ingawa majina yao hayamo katika orodha ya wenye mabwawa.

Njia hiyo pia hupeleka taarifa upande wa pili. Daftari la mfugaji lenye tarehe ya kupandikiza, idadi ya vifaranga, kiasi cha chakula na uzito wa mavuno ni takwimu zinazomwambia mtafiti kipi cha kurekebisha.

Mambo ya kuzingatia kwa mfugaji

Wakati kazi ya utafiti ikiendelea, yapo mambo ambayo mwananchi anaweza kuyafanya sasa:

1. Aonane na afisa uvuvi wa halmashauri yake kabla ya kuchimba bwawa, ili udongo, maji na hali ya joto vikaguliwe, na ajue taratibu za vibali.

2. Anunue vifaranga kutoka kituo kinachotambulika, na aulize ni wa aina gani na kama ni wa jinsi moja.

3. Apime rangi ya maji kwa mkono. Azamishe mkono hadi kiwiko: kiganja kikitoweka machoni mapema, kabla maji hayajakaribia kiwiko, maji yana kijani kupita kiasi na mbolea isitishwe, kikionekana waziwazi hata maji yanapofika kwenye kiwiko, chakula cha asili ni kidogo.

4. Akiona samaki wanahema juu ya maji alfajiri, ajue hewa imepungua majini. Asitishe chakula na mbolea, na aongeze maji safi.

5. Apime samaki wachache kila mwezi na kuandika uzito wao. Wasipoongezeka kwa miezi miwili mfululizo, asisubiri siku ya mavuno kuomba ushauri.

6. Asiwaache wadogo kuwa wazazi wa msimu unaofuata.

Mabwawa 8,000 ya mwaka 1968 yalihesabiwa kwa idadi. Kipimo kinachofaa leo ni kile cha mfugaji mwenyewe: mizani iliyowekwa kando ya bwawa siku ya kuvua. Mizani hiyo ikisoma kilo 90 mahali ambapo msimu uliopita ilisoma 36, utafiti utakuwa umefika ulikokusudiwa kufika.